Mvua na giza havimfundishi mtu pikipiki, vinamsahihisha

Mwulize mtu aliyeanza pikipiki juzi anaogopa nini barabarani, atakuambia malori. Mwulize tena baada ya msimu wake wa kwanza wa mvua. Sasa atataja rangi nyeupe ya kivuko cha waenda kwa miguu, kifuniko cha chuma katikati ya kona, au gari linalokuja na taa kali huku kioo cha kofia yake kimejaa matone. Pikipiki ni ileile na njia ni ileile. Tofauti ni kwamba kwenye lami kavu mkono mzito husamehewa mara kumi kwa siku bila mwenyewe kujua: klachi (inayounganisha na kutenganisha injini na gurudumu) inaachiwa ghafla, breki inanyakuliwa, mafuta yanakatwa katikati ya kona, na bado mtu anafika. Mvua haisamehe, na giza hulificha kosa mpaka uwe juu yake. Kwa hiyo kujifunza kuendesha kwenye mvua na usiku kunaanza uwanjani, siku ya kwanza, jua likiwaka.

Kabla ya kuwasha, pikipiki ipimwe kwa mwili wa anayejifunza. Kaa kwenye siti, nyoosha vidole kuelekea mikono ya klachi na breki, yaani vyuma vya kubana vilivyo kwenye usukani: vidole viendeleze mstari wa mkono, visipinde kwenda juu. Mkono wa klachi uwe na ulegevu kidogo kabla haujaanza kukaza, kwa pikipiki nyingi ndogo milimita 10 hadi 20 ukipima kwenye ncha. Ukikaza mno, klachi haishiki sawasawa na sahani zake zinaungua. Ukilegea mno, klachi haiachi vizuri, gia zinagoma na pikipiki inasogea hata umebana. Kisha kuna jambo dogo linaloepusha gharama. Boliti zinazoshika mikono hiyo kwenye usukani zikazwe kiasi cha kutochezacheza, lakini ukiusukuma mkono kwa nguvu uzunguke. Pikipiki ya mwanafunzi itaanguka, hilo halina mjadala, na mkono unaoweza kuzunguka hauvunjiki.

Siku ya kwanza ni ya klachi peke yake, na wengi huipoteza kwa kukimbilia gia ya tatu. Weka gia ya kwanza, usiguse mafuta, yaani usizungushe gripu ya kulia, achia klachi polepole mpaka injini ishushe sauti na pikipiki ianze kuvuta. Hapo ndipo inaposhika. Usiendelee kuachia. Tulia hapohapo, isogee mita moja, bana tena, simama. Rudia mara 30 au 40, miguu ikiwa chini, mpaka vidole vipajue mahali hapo bila kufikiri. Kosa la kawaida ni kuachia taratibu mpaka inaposhika, kisha kuimalizia ghafla. Pikipiki inaruka, mwili unarushwa nyuma, na mkono wa kulia, kwa kuwa umeshikilia gripu, unavuta mafuta zaidi. Ndivyo watu wanavyopaa na kuishia ukutani. Kinga yake ni kuweka kifundo cha mkono wa kulia chini tangu mwanzo, viwiko vimepinda, ili hata mwili ukirushwa kifundo kisipate nafasi ya kushuka tena na kufungua mafuta.

Injini itazimika, tena mbele ya watu. Aibu ikipanda, vidole vinaharakisha, na vidole vikiharakisha injini inazimika tena. Mwanafunzi aliyezimikiwa mara tatu mfululizo azime kabisa, ashuke na anywe maji. Dakika 10 za kupumzika zinasaidia pia sahani za klachi, ambazo zikiteleza muda mrefu huku injini inapigwa resi hutoa harufu ya kuungua. Ukiisikia harufu hiyo, somo la siku hiyo limekwisha.

Breki ndiyo sehemu ninayoona inafundishwa vibaya kuliko zote. Vijiweni utaambiwa usiguse ya mbele, utapinduka. Ukweli ni kwamba pikipiki inapofunga breki uzito unahamia mbele: tairi la mbele linagandamizwa chini na la nyuma linakuwa jepesi. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa ya kusimamisha, na anayetegemea ya nyuma peke yake ataburuza tairi mbali bila kusimama. Anayepinduka huwa ameinyakua. Breki ya mbele hukamuliwa kama nguo iliyofuliwa, haipigwi kama mbu. Sehemu ya kwanza ya sekunde ni ya kugusa, uzito uhamie mbele na shokapu zishuke. Ndipo unaongeza nguvu, na ya nyuma ikifuata kwa kanyagio jepesi. Anza na kilomita 20 kwa saa, nenda 30, kisha 40, kila mara usukani ukiwa umenyooka. Tairi la mbele likijifunga, achia mara moja kisha kamua upya kwa upole. La nyuma likijifunga huku mkia umeshaenda pembeni, usiachie ghafla: tairi likishika tena katika hali hiyo, pikipiki hunyooka kwa kishindo na kukurusha juu. Liache liburuze, macho mbele, mpaka usimame.

Kona hazihitaji maelezo mengi. Punguza kabla ya kuingia, tazama unakotaka kutokea, na sukuma kidogo upande wa usukani ulio ndani ya kona: kwenda kulia unasukuma gripu ya kulia. Anayekodolea macho shimo ataingia shimoni. Kwa mwendo wa taratibu sana, kama kugeuza mahali pembamba, kanyaga kidogo breki ya nyuma, klachi ikae pale inaposhika, na ya mbele usiiguse kabisa, kwa sababu usukani ukiwa umekatwa mguso mmoja wa breki hiyo unakulaza chini.

Watu wengi hukutana na mvua yao ya kwanza wakiwa wamechoka, wanarudi nyumbani, jioni, katikati ya magari. Ni mahali pabaya pa kuanzia somo. Uwanja uleule wenye lami au saruji uliojifunzia, rudi siku umelowa. Fanya zoezi la breki kwa kilomita 20, kisha 30, na uone umbali wa kusimama unavyorefuka. Jaribu pia kuachia klachi kwa haraka kidogo baada ya kushusha gia, kwa mwendo mdogo, uone tairi la nyuma linavyoteleza. Ukishaijua hisia hiyo mahali salama, siku ikikujia barabarani hutaganda. Kuganda ndilo tatizo la woga: mikono inakuwa chuma, kila mtikisiko wa tairi unapanda hadi mabegani, na kila mshtuko wa mabega unashuka hadi kwenye usukani. Kipimo chake ni kuchezesha viwiko kama mbawa za kuku. Visipochezeka, umeshikilia kwa nguvu. Shikilia tangi kwa magoti, mikono iache legevu.

Matairi yakaguliwe kabla ya msimu, si siku ya mvua. Kashata, yaani michongo ya uso wa tairi, zenye kina cha chini ya milimita 2 hazina tena nafasi ya kutolea maji, hata kama bado hazijafikia vile vinundu vidogo vilivyowekwa ndani ya mifereji kuonyesha kwamba tairi limekwisha. Upepo upimwe tairi likiwa baridi na ufuate kipimo cha mtengenezaji. Kuna ushauri wa zamani wa kupunguza upepo ili tairi lishike kwenye maji. Usiufuate kwenye lami: tairi legevu hujikunja, mifereji inabanana na maji yanakosa pa kutokea. Tairi jipya nalo linateleza, maana uso wake bado ni laini, kwa hiyo kilomita 100 hadi 150 za kwanza endesha kwa adabu na ziishe kabla mvua haijaanza. Angalia pia mafuta ya cheni yanayorukia tairi la nyuma. Dawa za kung'arisha matairi ya gari hazina kazi yoyote kwenye pikipiki, isipokuwa kukuangusha.

Mvua mbaya kuliko zote ni ile ndogo inayoanza baada ya siku nyingi za ukavu. Vumbi, mafuta ya magari na mabaki ya mpira vinaelea juu ya lami na kuwa kama sabuni. Dakika 10 hadi 20 za mwanzo ndizo za hatari zaidi, kisha mvua ikikolea inaosha. Kama huna haraka, simama mahali pa maana usubiri ioshe. Ukiendelea, pita kwenye mistari ya matairi ya magari, ambako maji yamekwisha kufutwa, na ukwepe katikati ya njia ambako mafuta hudondoka, hasa karibu na makutano na vituo ambako magari husimama muda mrefu. Hapohapo angalia unapoweka mguu. Si wote wanaoanguka wakiwa mwendoni. Wengine huanguka wakiwa wamesimama, soli ikiteleza kwenye doa la mafuta.

Chuma na rangi vikilowa ni barafu. Mistari ya rangi, vifuniko vya chemba, viungio vya madaraja na reli vipitwe pikipiki ikiwa wima, bila kuongeza mafuta wala kufunga breki juu yake. Reli ikatwe karibu na pembe mraba, kwa sababu ukiipita kwa kuambaa inaweza kulidaka tairi na kulipeleka inakotaka. Kama kifuniko kiko katikati ya kona na huwezi kukikwepa, nyoosha pikipiki kwa muda wa kukipita, kisha ulaze tena. Nafasi kutoka gari la mbele iwe sekunde 4 badala ya 2: gari likipita nguzo, hesabu taratibu mpaka nawe uifikie. Tumia gia moja juu ya ile uliyozoea ili nguvu ifike kwenye tairi kwa ulaini, na ukishusha gia achia klachi polepole kuliko siku zote.

Breki za ngoma, zile zinazobana ndani ya kitovu cha gurudumu, maji yakiingia ndani zinaweza kukosa nguvu karibu kabisa. Baada ya kupita dimbwi refu, zikanyage kidogo huku ukiendelea na mwendo mpaka joto lizikaushe na uhisi zinashika. Breki za diski, zile zinazobana sahani ya chuma iliyo wazi, hukauka haraka, ila mzunguko wa kwanza huwa na ucheleweshaji mdogo unaomshtua asiyeujua, naye anajibu kwa kukamua zaidi wakati uleule breki inaposhika.

Maji yaliyotuama yapimwe kwa macho kwanza: gari lililotangulia limezama kiasi gani? Maji yakifika kitovu cha gurudumu, nenda gia ya kwanza, mafuta ya kiasi kisichobadilika, mwendo wa mtu anayetembea, bila kusimama katikati, ili moshi uendelee kusukuma maji yasiingie kwenye bomba. Maji yakielekea kwenye chujio la hewa, rudi. Injini ikizimika humo ndani, usipige kiki wala stata. Maji hayabanwi kama hewa, na pistoni ikikutana nayo inaweza kupinda fimbo yake. Isukume nje, fungua plagi, zungusha injini kwa kiki bila plagi mpaka maji yote yatoke, kisha kagua mafuta ya injini. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yamechanganyika nayo na lazima yamwagwe. Maji yanayokwenda kwa kasi hayavukwi, hata kama yanaonekana mafupi, kwa sababu yanaweza kuwa yamekwisha kuichukua barabara iliyo chini yake.

Njia ya udongo ina sheria zake. Gia ya pili, mafuta kidogo yasiyokatika, uzito kidogo nyuma, macho mbali, na breki ya mbele uisahau kwenye utelezi. Usukani utacheza, uache ucheze. Shida ambayo wageni hawaitarajii ni tope linalojaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu la mbele linagoma kuzunguka. Kijiti kigumu kinatosha kulikwangua, ila fanya hivyo kabla halijakaza.

Koti la mvua la vipande viwili, yaani koti na suruali, ni bora kuliko joho pana. Joho hupigwa na upepo, pindo lake linaweza kunaswa na cheni au spoku, tena hufunika taa ya nyuma, hivyo anayekufuata haoni breki yako. Mkono wa koti uvae juu ya glavu ili maji yasitiririkie ndani. Baridi nayo isidharauliwe. Vidole vilivyokufa ganzi haviwezi kukamua, vinanyakua tu. Ukiona unapapasa kutafuta swichi ya indiketa, simama upashe mikono moto.

Kioo cha kofia ndicho kinachoamua mengi. Kikisuguliwa kikavu na vumbi hupata mikwaruzo ambayo mchana huioni, lakini usiku kila mkwaruzo hutawanya mwanga na taa moja inakuwa shada la miale. Kioshe kwa maji na sabuni laini, kwa kitambaa kinachoteleza. Kwa ndani, paka tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, lisambaze na ulifute mpaka lisionekane: utando unaobaki hupunguza ukungu wa pumzi. Kisipokubali, kifungue upana wa kidole. Cheusi ni cha mchana peke yake.

Usiku ni hesabu. Kwa kilomita 60 kwa saa unakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Kuona kitu na kuanza kufunga breki huchukua kama sekunde moja na nusu, hizo ni mita 25. Kusimama kwa breki nzuri kwenye lami kavu ni mita 20 nyingine, jumla 45. Taa ya chini ya pikipiki ndogo hukuonyesha kitu cheusi katika mita 30 au 40. Maana yake ni kwamba kwa mwendo huo unaendesha kuelekea mahali ambapo bado hujapaona. Kwa kilomita 40 jumla inashuka hadi mita 26 hivi, na taa inakutosha. Lami ikilowa, zile 45 zinakaribia 60, na hata kwa 40 unahitaji zaidi ya mita 30.

Kwa sababu hiyo taa ishughulikiwe kabla ya safari. Simamisha pikipiki mita 5 kutoka ukutani, mahali tambarare, mwendeshaji akiwa amekaa. Katikati ya mwanga wa chini paangukie sentimita 5 hivi chini ya kimo cha taa yenyewe. Ukibeba abiria au mzigo nyuma, mkia unashuka, taa inapanda, nawe unawapofusha wengine huku njia yako imebaki giza. Usiweke balbu ya wati kubwa kuliko iliyoandikwa. Nyaya zinachemka, soketi inayeyuka na taa inazimika kabisa mahali usipopenda. Kwenye pikipiki nyingi za zamani na za bei nafuu taa kubwa hailishwi na betri, inapata umeme moja kwa moja kutoka kwenye injini, ndiyo maana injini ikishusha mzunguko taa inafifia. Kwenye kona za giza shuka gia moja mapema: injini itazunguka zaidi na mwanga utarudi.

Pikipiki inapolala kwenye kona, taa haigeuki nayo. Inamulika nje ya kona huku wewe unaingia ndani, gizani. Gari linalokuja na taa kali, punguza mwendo kabla hamjapishana, hamisha macho kwenye ukingo wa barabara ulio upande wako na uufuate. Kumjibu kwa taa yako ya juu kunawafanya vipofu wawili wanaokaribiana. Baada ya kupishana, macho huchukua sekunde kadhaa kurudi, na sekunde hizo ndizo za waenda kwa miguu na baiskeli zisizo na taa. Taa moja inayokuja usiihesabu kuwa pikipiki. Inaweza kuwa gari lenye jicho moja, kwa hiyo lipe upana wa gari. Lori lililoharibika bila taa halionekani kama lori, linaonekana kama giza lenye kingo zilizonyooka, linaloficha taa zilizo mbele yake. Ukipata gari la kulifuata kwa nafasi nzuri, soma taa zake za nyuma: zikirukaruka kuna mashimo, zikiinuka kisha kuzama kuna tuta.

Vikikutana, mvua na usiku havijumlishwi, vinazidishana. Utando wa maji hugeuza lami kuwa kioo: mwanga wako unarushwa mbele badala ya kukurudia, hivyo barabara inaonekana nyeusi tii, na mwanga wa anayekuja unarushwa moja kwa moja machoni pako. Mistari inapotea. Shimo lililojaa maji linafanana na lami. Taa ya juu haisaidii, inamulika matone tu, kaa kwenye ya chini. Futa kioo kwa glavu ya kushoto, mkono wa kulia una kazi. Ukiona unakadiria barabara badala ya kuiona, tafuta kituo cha mafuta au ua wenye mwanga, toka barabarani kabisa na uzime taa. Ukisimama ukingoni na taa ya nyuma inawaka, anayekuja nyuma anaweza kukufuata akidhani bado uko mwendoni. Radi zikipiga, usijikinge chini ya mti ulio peke yake.

Ukifika, kazi haijaisha. Maji yameosha mafuta ya cheni na asubuhi utaikuta ina kutu. Ifute kwa kitambaa usiku huohuo ikiwa bado ina joto, tia mafuta upande wa ndani wa sehemu ya chini huku ukizungusha gurudumu kwa mkono. Injini iwe imezimwa na gia imetolewa, kwa sababu cheni inayozungushwa na injini hukata vidole. Kagua ulegevu wake, milimita 20 hadi 30 kwa pikipiki nyingi ndogo, ingawa kitabu chake ndicho mwamuzi. Tia matone mawili ya mafuta kwenye waya wa klachi unapoingilia mkononi, fungua chujio la hewa uone kama limelowa, na glavu uzitundike vidole vikitazama juu.